Sala Inayotosha Pumzi Moja

Kifodi, yaani daladala, kinachongoja abiria pale Kilombero, Arusha, kinaweza kukaa robo saa kabla konda hajaridhika kwamba kimejaa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Maana yake abiria wa dirishani, katika robo saa hiyo, amevuta na kutoa pumzi si chini ya mara 180, na karibu zote zimeishia kwenye simu au katika kumnung'unikia konda. Sala ya pumzi hufanyika hapo hapo, kwenye kiti hicho hicho, macho yakiwa wazi, na jirani asijue.

Ni sentensi fupi yenye vipande viwili. Kipande cha kwanza unakisema moyoni unapovuta pumzi, cha pili unapoitoa. Basi. Haina mkao maalumu, haidai chumba, mshumaa wala spika. Mkatoliki wa Kibosho ataiita sala, mlokole wa Ngaramtoni ataiita maombi, Mlutheri wa Machame atatumia lolote kati ya hayo mawili.

Wala si jambo la juzi. Wamonaki wa jangwa la Misri, karne ya 4, walisuka ukindu huku wakirudia maneno machache ya Maandiko. Yohane Kasiano, aliyekwenda kujifunza kwao, ameandika jinsi alivyofundishwa kushika mstari mmoja tu wa Zaburi ya 70: "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima." Agostino, askofu wa Hippo, alipomwandikia mjane aitwaye Proba kuhusu kusali, alizitaja sala za ndugu hao wa Misri: nyingi, fupi mno, za kurushwa ghafla kama mshale. Kwa Wakristo wa Mashariki, hasa Waorthodoksi, sala hiyo ilikuja kutulia katika maneno haya: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Kufikia karne ya 13 na ya 14 wamonaki wa Mlima Athos, Ugiriki, walikuwa wakifundishana namna ya kuyaendesha maneno hayo pamoja na pumzi. Ukiyatazama vizuri utamwona ndani yake mtoza ushuru wa Luka 18, aliyesimama mbali akijipigapiga kifua, na yule kipofu wa Yeriko aliyepaza sauti kando ya njia. Na "Bwana, utuhurumie" umeisema kanisani tangu utotoni, uwe Mkatoliki au Mlutheri. Kwa hiyo kinachobaki kujifunza ni namna ya kuibeba kutoka kanisani hadi stendi.

Hesabu silabi kabla ya kuchagua maneno

Wengi wanaoacha sala hii ndani ya wiki ya kwanza huwa wamechagua maneno marefu kuliko pumzi yao. Wanalazimika kuinyoosha pumzi ili ifikie mwisho wa sentensi, kifua kinabana, kichwa kinakuwa chepesi, wanadhani sala imewakataa. Kanuni ni kwamba maneno ndiyo yanayoifuata pumzi. Pumzi haiyafuati maneno.

Hapo Kiswahili kinatupa nafasi nzuri. Silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu na urefu wake unakaribiana, kwa hiyo unaweza kuipima sala kwa vidole hata kabla hujaijaribu. Kwa mwendo wa utulivu, moyoni hupita kama silabi mbili kwa sekunde. Kipande cha kuvuta kikiwa na silabi 4 hadi 6, na cha kutoa silabi 5 hadi 8, pumzi moja inachukua sekunde tano hadi saba. Huo ni mwendo wa polepole kidogo kuliko kawaida yako, na mwili unauzoea bila ugomvi.

Pima sasa ile sala ya Mashariki. Bwa-na Ye-su Kri-sto ni silabi 6, Mwa-na wa Mu-ngu, 5, u-ni-hu-ru-mi-e, 6, mi-mi mwe-nye dha-mbi, 6. Jumla 23. Ukiikata katikati, unavuta kwa silabi 11 na kutoa kwa 12, yaani zaidi ya sekunde kumi na moja kwa pumzi moja. Mzoefu ataiweza, anayeanza ataishiwa. Basi igawe kwenye pumzi mbili: vuta "Bwana Yesu Kristo", toa "Mwana wa Mungu", vuta "unihurumie", toa "mimi mwenye dhambi". Au ifupishe: vuta "Bwana Yesu", toa "unihurumie". Nne kwa sita. Kwa anayeanza leo, hii ya mwisho ndiyo tunayopendekeza, na asione haya kwamba ni fupi.

Kipande cha kutoa kinafaa kiwe sawa na cha kuvuta au kirefu kidogo kuliko hicho, kwa sababu ya mwili wenyewe. Unapovuta pumzi, misuli inafanya kazi na mapigo ya moyo yanakwenda mbio kidogo. Unapoitoa, misuli inalegea na mapigo yanapungua. Ndiyo maana mtu aliyepata habari njema "hushusha pumzi". Kwa hiyo jina la Mungu liwe kwenye kuvuta, na ombi liwe kwenye kushusha. Lugha yetu yenyewe imeliweka pumzi na pumzika kwenye shina moja, na hilo si la kuongezea maelezo.

Maneno mengine yaliyokwisha kupimwa: kwa mwenye hofu, ya mkopo au majibu ya hospitali, Zaburi ya 56 inatoa "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", vuta "siku ya hofu" (5), toa "nitakutumaini" (7). Kwa mwenye wasiwasi wa ada na unga, vuta "mchungaji wangu" (6), toa "sitapungukiwa" (6). Zaburi ya 121 inakaa vizuri mno huku kwetu, ambako mtu akifungua mlango asubuhi anakutana na Kibo au Meru: "msaada wangu" (6), "u katika Bwana" (6). Angalia tu kwamba mwimbaji wa Zaburi anaiinulia milima macho kisha anauliza msaada utatoka wapi, na jibu lake linaupita mlima na kumfikia aliyeufanya. Kwa anayeona imani imepungua, yule baba wa Marko 9 anafaa: "naamini" (4), "nisaidie" (5). Na unapokosa neno kabisa: "Baba" wakati wa kuvuta, "mikononi mwako" wakati wa kutoa.

Jihadhari na hamu ya kupamba. Tumezoea kumfungulia Mungu maombi kwa majina yake yote, na katika ibada ni heshima. Lakini "Ee Bwana Mungu wetu mwenye nguvu" ni silabi 12 hata kabla hujaomba kitu.

Tumia lugha ambayo ukijikwaa kidole gizani ndiyo inayokutoka. Kama ni Kiswahili, sawa. Kama bibi yako alikufundisha kumwita Mungu kwa Kichagga, Ruwa, kaa na Ruwa. Wako wanaoitafuta sala kwa Kiingereza kwa kuwa wameikuta mtandaoni hivyo, kisha wanashangaa mbona haishuki moyoni.

Ukishachagua, usibadilishe kwa mwezi mzima. Hapa ndipo tunapokuwa wakali kidogo. Anayebadilisha maneno kila siku tatu anakuwa anaonja, na siku ya msiba hatakuwa na neno lililokwisha kukaa.

Wiki mbili za kwanza

Anza asubuhi, ukingoni mwa kitanda, kabla ya kugusa simu. Miguu chini, mgongo umenyooka bila kukakamaa, mikono mapajani. Pumua kwa pua, mdomo umefumbwa. Acha pumzi tatu zipite bila neno lolote, uone tu zina urefu gani asubuhi hiyo, maana za aliyelala vizuri si sawa na za mwenye mafua. Ya nne ivalishe maneno.

Kuhesabu, tumia kidole gumba juu ya viungo vya vidole vinne vya mkono huo huo. Kila kidole kina pingili tatu, kwa hiyo mkono mmoja unakupa pumzi 12, zaidi ya dakika moja kidogo. Mwenye Rozari anaweza kutumia kumi moja la shanga zake, mradi asije akaihesabu kuwa Rozari aliyosali. Waorthodoksi wana kamba ya mafundo, mara nyingi mafundo 100, lakini hiyo ni ya baadaye. Zikiisha 12, kaa pumzi moja kimya, kisha inuka. Jioni fanya vivyo hivyo. Wiki ya kwanza ni hizo mbili tu. Anayeanza na nusu saa siku ya Jumatatu, kwa kawaida kufikia Alhamisi hafanyi hata dakika moja.

Usibane pumzi katikati. Wako wanaofundisha kuvuta, kushikilia, kisha kutoa kwa hesabu. Kwa sala hii halihitajiki, na mwenye pumu, mwenye shinikizo la damu au mjamzito asilijaribu kabisa. Mwenye pumu aongeze tahadhari moja: kifua kikianza kulia, aache maneno, atumie dawa yake, na aombe kwa namna nyingine yoyote.

Wiki ya pili ongeza shughuli moja, ile unayoifanya kila siku kwa mikono huku akili ikizurura. Kuchambua mchele au maharage ni bora kuliko zote. Kufua kwa mikono pia, ingawa usiyafungie maneno kwenye kila msuguo. Msuguo ni wa haraka, pumzi ni ya taratibu, acha kila kimoja kiende na mwendo wake. Kwa sababu hiyo hiyo cherehani ya miguu huwapa watu shida: mguu unataka kuiendesha pumzi. Mwenye ng'ombe wa ndani anayebeba majani kutoka mtoni kupanda Uru au Marangu, asali akishuka na mikono mitupu. Akipanda na mzigo kichwani, aiache pumzi ifanye kazi yake. Kwenye kahawa, msimu wa kuchuma, kishada kimoja hadi kingine kinatosha kuwa kipimo: unapohamia kishada kipya, pumzi moja na sala moja, kisha unaendelea kuchuma kwa kawaida.

Chagua moja. Ukijiwekea ahadi kwenye jiko, barabara, shamba na ofisi kwa wakati mmoja, utaikumbuka usiku, pamoja na lawama.

Barabarani na kwenye foleni

Kwenye kifodi au Noah: macho wazi, mkono kwenye mkoba. Ibada haimzuii mwizi wa stendi. Redio ikiwa inapiga kwa nguvu usipambane nayo. Anza na sauti unayoisikia, iache ipite, rudi kwenye kutoa pumzi. Usijaribu kuifunika kwa kusema kwa nguvu moyoni, utachoka kabla ya kufika Tengeru.

Dereva na bodaboda wana utaratibu wao katika hili. Wakiwa mwendoni wasihesabu pumzi wala kuirefusha, maana akili inayochunguza pumzi haichungulii shimo lililo mbele. Wasali wakiwa wamesimama: abiria anaposhuka, kwenye mataa, wakisubiri mteja. Neno moja, "Yesu", wakati wa kuwasha pikipiki, linatosha.

Foleni ya hospitali au ya ofisi ya serikali ni mahali pazuri na pagumu. Pazuri kwa kuwa muda upo. Pagumu kwa kuwa hofu au hasira tayari imeifanya pumzi kuwa fupi na ya juu kifuani. Hapo usianze kwa kuvuta. Anza kwa kutoa: shusha pumzi yote polepole kwa kipande cha pili peke yake, "unihurumie", mara tatu nne, na uache kuvuta kujifanyie kwenyewe. Pumzi ikishatulia, rudisha kipande cha kwanza. Mtu akikuchokoza sokoni Mbuyuni au pale Kiboriloni, namna ni hiyo hiyo: pumzi moja ya kutoa kabla ya jibu. Jibu linaweza likabaki lile lile ulilokusudia, ila litatoka na sauti nyingine.

Kwa wapagazi, waongozaji na wageni wa Kilimanjaro kuna habari tofauti. Hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, sala ya vipande viwili bado inaenda sawa na hatua za polepole. Kutoka kambi ya Horombo, mita 3,720, ifupishe. Karibu na kilele cha Uhuru, mita 5,895, hewa ina mgandamizo wa karibu nusu ya ule wa pwani, na mwili unapumua haraka kwa sababu unatafuta oksijeni. Ukiipunguza kasi pumzi huko ili iendane na maneno, unaunyima mwili kile unachokitafuta. Huko juu neno moja kwa pumzi, lolote linalotoka. Kichwa kikiuma sana, ukianza kuyumba au kuchanganya maneno ambayo jana uliyajua, mwambie mwongozaji na mshuke.

Inapokwenda vibaya

Kizunguzungu, midomo au ncha za vidole kufa ganzi: unapumua kwa nguvu mno au kwa kina mno, na kaboni dayoksaidi mwilini imeshuka kuliko inavyotakiwa. Mara nyingi humpata mtu anayedhani pumzi kubwa ni sala kubwa. Acha maneno, pumua kawaida dakika mbili tatu, itaondoka. Kesho anza na pumzi ndogo, isiyosikika hata na aliye karibu.

Kuna maumivu ya kichwa ya aina nyingine, na hili tunalisema kwa msisitizo kwa watu wa mlimani na wa Arusha. Juni na Julai baridi ikikaza, watu huingiza jiko la mkaa ndani, wanafunga madirisha, na asubuhi wanakaa karibu yake kusali. Kichwa kinakuwa kizito, kichefuchefu, usingizi mtamu usioeleweka. Hiyo ni kaboni monoksaidi, hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa unaowaka. Haina harufu na inaua. Jiko likae nje, na ukiona dalili hizo toka nje wewe na waliomo ndani, uende hospitali.

Akili kuzurura si kosa. Katika pumzi 12, mtu wa kawaida ataondoka mara tano au sita: deni, mtoto, mechi ya jana. Usianze upya kuhesabu na usijigombeze. Endelea na pingili uliyopo. Mwenye kuanza upya kila anapopotea hatafika 12 hata siku moja, na sala itageuka mtihani.

Maneno kuwa makavu, kama kusoma kibao cha duka, kutakuja wiki ya tatu au ya nne. Ndipo wengi hubadilisha sala. Usibadilishe. Punguza kasi kwenye neno moja tu, kwa mfano "hurumie", na ulimaanishe kwa ajili ya mtu mmoja unayemjua. Badala ya "unihurumie" sema "umhurumie", silabi ni zile zile, na umwone uso.

Kuna pia anayetafuta joto kifuani, mwanga au sauti. Hata walimu wa zamani wa sala hii waliwaonya wanafunzi wao wasivikimbilie vitu hivyo. Kama hakuna unachohisi, sala imesaliwa.

Kosa baya zaidi ni kuyafanya maneno dawa: kuyasema mara 100 ili kesi iishe, kuyaandika na kuyaweka chini ya mto, kuamini kwamba ukikosea hesabu hayafanyi kazi. Hapo umetoka kwenye sala na umeingia kwenye hirizi, hata kama jina lililoandikwa ni la Yesu.

"Lakini hii si kupayuka-payuka?"

Swali hili litaulizwa kwenye jumuiya, afadhali uwe na jibu. Mathayo 6:7 inakataza kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie. Kurudia kwenyewe hakukatazwi. Sura ya 26 ya kitabu hicho hicho inamwonyesha Yesu Gethsemane akiomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale", na Zaburi ya 136 ina mistari 26, kila mmoja ukiishia kwamba fadhili zake ni za milele. Wengine watauliza kama ni yoga. Pumzi ni ya kila mtu, haina dini. Kinachoifanya iwe sala ya Kikristo ni nani anayeitwa. Ukikuta unapumua tu bila kumwita mtu, hujatenda dhambi, umepumzika, rudisha jina.

Na haichukui nafasi ya kitu kingine. Rozari ibaki Rozari, ibada ya nyumbani ibaki, mkesha ubaki. Anayejenga maisha yake yote ya sala juu ya silabi kumi ataanza kukosa Neno, na maneno mafupi yatakosa kitu cha kuyalisha.

Usiku tumia Zaburi ya 4: vuta "nitajilaza" (5), toa "katika amani" (6). Lala chali au ubavu, usihesabu vidole, kwa sababu kuhesabu kunamwamsha mtu. Kama kuna jambo linakurudia, litaje mara moja kwa jina, kisha rudi kwenye pumzi. Usingizi ukikuchukua katikati ya neno, usirudi kulimalizia.